Upasuaji wa uti wa mgongo: jinsi ulimi na meno vinavyolindwa mgonjwa akiwa usingizini

Mtu anapopasuliwa mgongo, ndugu zake huwa na swali moja: atatembea tena? Ni wachache wanaofikiria kinywa. Hata hivyo wapo wagonjwa wanaoamka na miguu inayofanya kazi vizuri lakini ulimi umechanika, au jino la mbele limevunjika. Kisu cha daktari hakikufika huko. Mgonjwa amejiuma mwenyewe akiwa usingizini.

Makala hii inaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, wataalamu hulizuia vipi, na mgonjwa na ndugu zake wana kazi gani. Inawahusu wakazi wa Ngara na Biharamulo kwa sababu mbili. Kwanza, ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu, kwa mfano kwenye miti, ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuumia uti wa mgongo nchini Tanzania. Hospitali za wilaya hazifanyi upasuaji wa uti wa mgongo, hivyo majeruhi hupewa rufaa kwenda mbali, kama vile Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Pili, kinga ya kinywa huanza na maneno ya mgonjwa mwenyewe, hata kwenye upasuaji wa kawaida karibu na nyumbani.

KWA UFUPI

- Wakati wa kupima mishipa ya fahamu kwa umeme, misuli ya taya hukaza ghafla na mgonjwa anaweza kujiuma.
- Kinga yake ni kitambaa laini kilichokunjwa na kuwekwa kati ya magego, pande zote mbili, huku ulimi ukiwa katikati bila kubanwa.
- Jino linalolegea, jino la bandia au taya lisilofunguka vizuri litajwe kabla ya upasuaji.
- Mtu mwenye kifafa anapoanguka nyumbani, asiwekewe kitu chochote kinywani.

KWA NINI MISHIPA HUPIMWA MTU AKIWA AMELALA

Uti wa mgongo ni fungu la mishipa ya fahamu linalopita ndani ya pingili za mgongo. Hubeba amri kutoka kwenye ubongo kwenda mikononi na miguuni, na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Daktari anaponyoosha pingili zilizopinda, anapotoa uvimbe au kufunga vyuma, fungu hilo linaweza kubanwa au kukosa damu ya kutosha.

Mgonjwa amelala, hawezi kusema kwamba mguu umekufa ganzi. Tatizo likigundulika baada ya kuamka, huenda muda wa kulirekebisha umepita na akabaki amepooza.

Kwa sababu hiyo, hospitali zenye vifaa hivyo hupima mishipa ya fahamu upasuaji ukiendelea. Sindano ndogo au vibandiko vyenye nyaya huwekwa kichwani, mikononi na miguuni. Mashine hutuma mapigo mafupi sana ya umeme kichwani, kisha husoma kama misuli ya mguu imeitika. Ikiitika, njia iko wazi. Jibu likipungua au kupotea, timu husimama. Daktari hulegeza chuma alichokikaza, mtaalamu wa usingizi huangalia shinikizo la damu na kulipandisha ikihitajika, kisha wanapima tena.

Msingi wa kipimo hiki uliwekwa Uingereza mwaka 1980, pale Merton na Morton walipoonyesha kwamba umeme unaopitishwa juu ya kichwa cha mtu mzima, bila kufungua fuvu, unaweza kuamsha misuli ya mwili. Leo hutumika katika nchi nyingi kwenye upasuaji wa mgongo na wa ubongo. Mgonjwa hausikii umeme huo kwa sababu yuko kwenye usingizi wa dawa.

UMEME UNAFIKAJE KWENYE TAYA

Mapigo hayo yana nguvu ya volti mia kadhaa, ingawa hudumu kitambo kidogo mno. Hayaishii kwenye njia ya miguu peke yake. Weka vidole vyako juu kidogo mbele ya sikio, kisha uma meno. Utasikia msuli unaruka. Huo ni mmoja wa misuli ya kutafuna, na uko karibu sana na mahali zinapowekwa sindano za kichwani. Umeme ukipita, msuli huo hukaza pamoja na ule wa shavuni, na taya linafunga kwa nguvu na kwa ghafla.

Kwenye upasuaji mwingine mwingi, mgonjwa aliyelala hupewa dawa ya kulegeza misuli, hivyo hana nguvu ya kuuma. Kwenye kipimo hiki dawa hiyo inaharibu kazi. Misuli ikilegezwa kabisa, mguu hautaitika na mashine haitakuwa na kitu cha kusoma. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa ya muda mfupi wakati wa kuwekewa mpira wa kupumulia, halafu huachwa iishe nguvu. Kuanzia hapo taya lina nguvu zake zote, na mwenye taya hana habari.

Upasuaji wa mgongo unaweza kuchukua saa nyingi, na kipimo kikarudiwa mara nyingi. Ulimi ukiwa umeteleza kati ya meno, kila pigo linauma palepale.

Majeraha yanayotokea ni ya aina tatu. La kwanza na la kawaida zaidi ni ulimi kuchanika, na mdomo pia unaweza kuumia. La pili ni jino kuvunjika au kung'oka. La tatu ni kuumwa kwa mpira wa kupumulia, na hili ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu hewa inaweza kuziba. Mipira mingine ina waya ndani ili isikunjike. Ikiumwa kwa nguvu, inaweza kubonyea na isirudi katika hali yake.

Majeraha haya ni machache. Katika tafiti zilizohesabu maelfu ya wagonjwa waliopimwa kwa njia hii, waliojiuma walikuwa chini ya 1 kati ya 100. Mtu asikatae kipimo kinachoweza kuokoa miguu yake kwa kuogopa kuumia ulimi. La muhimu ni kuhakikisha kinywa kimelindwa.

KITAMBAA LAINI KATI YA MAGEGO

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Ni kitambaa laini cha hospitali, kile cha kufungia vidonda, kinachokunjwa kikawa kinene na kuwekwa kati ya magego ya juu na ya chini, upande wa kulia na wa kushoto. Magego yametengenezwa kwa kutafuna, yana mizizi zaidi ya mmoja, na hubeba nguvu ya taya vizuri kuliko meno ya mbele. Taya likifunga, linauma kitambaa, na ulimi unabaki katikati ukiwa salama.

Kuweka upande mmoja tu hakutoshi, kwa sababu taya hulalia upande na ule mwingine unaweza kubana ulimi.

Watu wengi wanaofanya kazi hospitalini wanakijua kile kipande kigumu cha plastiki kilichopinda, kinachowekwa juu ya ulimi ili njia ya hewa ibaki wazi. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, lakini hakifai kuwa kinga pekee wakati wa kipimo hiki. Hukaa katikati ya kinywa, kwa hiyo nguvu yote ya taya huangukia meno ya mbele, ambayo huwa na mzizi mmoja mmoja na huvunjika kwa urahisi. Tena huacha nafasi pembeni ambako ulimi unaweza kuingia.

Baada ya kuweka kitambaa, mtaalamu huangalia mambo manne:

1. Ulimi, midomo na mashavu havijabanwa na meno.
2. Kitambaa kimefungwa au kimeacha ncha nje, ili kisitumbukie kooni.
3. Idadi ya vitambaa vilivyoingia kinywani imeandikwa, na itahesabiwa tena wakati wa kutoa. Kitambaa kikisahaulika kooni kinaweza kumziba mgonjwa pumzi baada ya mpira kutolewa.
4. Kinywa kimeangaliwa upya baada ya mgonjwa kugeuzwa.

Jambo hilo la nne lina uzito wake. Upasuaji mwingi wa mgongo hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kifudifudi. Anapogeuzwa, mpira husogea, kitambaa huweza kutoka mahali pake, na ulimi huteleza mbele. Akikaa hivyo kwa saa nyingi, hasa shingo ikiwa imekunjwa sana, ulimi unaweza pia kuvimba. Ndiyo maana kinywa kinatakiwa kuangaliwa tena na tena hadi mwisho wa kazi.

Mwishoni, kitambaa hakitolewi mapema mno. Mgonjwa anayeanza kuzinduka huweza kuuma mpira kabla hajajitambua, hivyo kinga hubaki hadi mpira uwe tayari kutolewa.

MAHALI PASIPO NA MASHINE

Kipimo cha umeme kinahitaji mashine ya bei kubwa na mtu aliyefundishwa kuisoma. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hufanya kazi bila mashine hiyo. Kuna njia ya zamani zaidi, iliyoelezwa na daktari Pierre Stagnara wa Ufaransa na wenzake mwaka 1973. Katikati ya upasuaji, mtaalamu wa usingizi hupunguza dawa mpaka mgonjwa azinduke kidogo, akiwa bado na mpira kinywani. Anaambiwa: "Kaza mikono. Sasa sogeza miguu." Akisogeza, analazwa tena na kazi inaendelea.

Hapo pia kinywa kiko hatarini, kwa sababu mgonjwa anayezinduka anaweza kuuma mpira au ulimi. Kinga ni ileile. Zaidi ya hapo, mgonjwa huelezwa siku moja kabla kwamba ataamshwa, ataambiwa nini, na kwamba hataweza kuongea. Maelezo hayo yawe kwa lugha anayoielewa. Kama mgonjwa ni mzee anayesikia Kihangaza au Kishubi vizuri kuliko Kiswahili, ndugu awaambie wahudumu mapema na akubaliane nao maneno yatakayotumika.

Kipimo cha mishipa ya fahamu hutumika pia kwenye upasuaji mwingine, kama wa rovu shingoni, ambako kuna mshipa unaoendesha sauti. Pale umeme huwa mdogo na hugusa mshipa wenyewe, kwa hiyo taya halikazi kama kwenye kipimo cha kichwani.

UPASUAJI WA KAWAIDA WILAYANI

Wakazi wengi wa Ngara na Biharamulo hawatafanyiwa upasuaji wa mgongo maishani mwao. Lakini wengi watapasuliwa ngiri, tumbo, au mfupa uliovunjika, katika hospitali kama Murgwanza, Rulenge au ile ya Biharamulo mjini. Upasuaji ukifanywa kwa dawa ya usingizi, ile ambayo wengi huiita nusukaputi, kinywa nacho kinahusika.

Ili kuweka mpira wa kupumulia, mtaalamu hutumia kifaa cha chuma chenye taa, akikiingiza kinywani ili aone koo. Meno ya mbele ya juu ndiyo yaliyo karibu zaidi na chuma hicho, na ndiyo huumia mara nyingi. Uingereza, chuo cha kitaifa cha madaktari wa usingizi huwaeleza wagonjwa kwamba michubuko midogo ya mdomo au ulimi hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 20, na jino huharibika kiasi cha kuhitaji matibabu kwa takriban mtu 1 kati ya 4,500. Mwenye meno yaliyooza au yanayolegea yuko kwenye hatari zaidi.

Mama anayejifungua kwa upasuaji mara nyingi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni na kubaki macho, bila mpira kinywani. Hata yeye aseme kama ana jino bovu, kwa sababu ganzi isipotosha huenda akalazimika kulazwa usingizi kwa haraka.

MAMBO YA KUSEMA KABLA YA KULAZWA USINGIZI

Mtaalamu wa usingizi atakuja kukuona. Akikuambia ufungue kinywa, fungua mpaka mwisho. Mwambie haya bila kusubiri kuulizwa:

- Una jino linalolegea, lililovunjika, lililooza au linalouma.
- Una jino la bandia, la kutoa au la kudumu. La kutoa litolewe wodini na kukabidhiwa kwa ndugu.
- Umewahi kuvunjika taya, au taya hutoka mahali pake, au kinywa hakifunguki sawasawa.
- Uliwahi kulazwa usingizi na ukaambiwa ilikuwa vigumu kukuwekea mpira, au uliamka na jeraha kinywani.
- Una kifafa, au unatumia dawa zinazofanya damu ichelewe kuganda.
- Una kipini cha mdomoni au ulimini.

Wapo wanaoona aibu kusema kwamba meno yao ni mabovu, hasa mbele ya watu wengine wodini. Omba kuongea pembeni. Jino linalolegea likitoka wakati wa kuweka mpira, linaweza kuingia kwenye mapafu na kuleta nimonia au kuziba hewa. Likijulikana mapema, mtaalamu anaweza kulilinda, kulifunga kwa uzi, au kushauri ling'olewe kabla.

Kama upasuaji umepangwa na una muda wa wiki kadhaa, pita kitengo cha kinywa na meno cha hospitali iliyo karibu. Asubuhi ya upasuaji piga mswaki, usukutue na kutema maji bila kumeza.

MTOTO AKIPELEKWA

Watoto wa kuanzia miaka 5 au 6 huanza kung'oka meno ya utoto, na hali hiyo huendelea hadi miaka 12 hivi. Mzazi ajaribu meno ya mtoto kwa kidole safi siku moja kabla, na kuwaonyesha wahudumu yale yanayotikisika. Kama mtoto alitolewa yale yanayoitwa "meno ya plastiki" au alikatwa kimeo alipokuwa mchanga, liseme hilo pia bila woga. Linamsaidia mtaalamu kuelewa anachokiona kinywani na kooni.

ORODHA ILIYOJARIBIWA IFAKARA

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Timu husoma maswali kwa sauti mara tatu: kabla ya kulaza mgonjwa, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Kati ya maswali ya mwanzo ni kama kuna ugumu wowote kwenye njia ya hewa ya mgonjwa, na hapo ndipo habari za meno na taya zinapopata nafasi. Mwishoni vifaa na vitambaa huhesabiwa.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo ya hospitali zote kwa pamoja yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama orodha hiyo itasomwa.

Anayekwenda kupasuliwa mgongo anaweza kuongeza maswali matatu: "Mishipa yangu ya fahamu mtaipima kwa njia gani? Kinywani mtaweka nini kunilinda? Nikigeuzwa, nani ataangalia ulimi wangu?" Maswali hayo si utovu wa adabu.

BAADA YA KUAMKA

Koo kuwasha na sauti kukwaruza kwa siku moja au mbili ni kawaida. Pitisha ulimi kwenye meno yote. Ukihisi pengo, uvimbe au kidonda, mwambie muuguzi hapohapo ili aandike kwenye faili.

Jino likikosekana, lazima litafutwe. Lisipoonekana, picha ya kifua hupigwa kuona kama limeingia kwenye mapafu. Jino la mtu mzima lililong'oka zima linaweza kurudishwa likiwahiwa. Lisisuguliwe, na lihifadhiwe kwenye maziwa au maji ya chumvi ya hospitali.

Michubuko midogo ya ulimi hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. Kula uji uliopoa, ndizi zilizopondwa na vyakula laini, epuka pilipili na vitu vya moto, na sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Jeraha kubwa linalofunguka hushonwa.

Mwite muuguzi, au rudi hospitali haraka kama umesharuhusiwa, ukiona damu haikomi, ulimi unavimba, unashindwa kumeza mate, au pumzi inakuwa nzito.

ONYO KUHUSU KIFAFA

Mtu akisikia kwamba hospitalini huwekwa kitambaa kati ya meno, anaweza kudhani afanye hivyo kwa mwenye kifafa anapoanguka nyumbani. Asifanye. Hospitalini kitambaa huwekwa kabla taya halijakaza, na mgonjwa anapumua kupitia mpira. Nyumbani taya limeshafunga. Kijiko, kijiti au kidole kikilazimishwa huvunja meno, huziba hewa, au kidole chako ndicho kinachoumwa.

Msogeze mbali na moto na vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, na degedege likiisha mlaze ubavu ili mate yatoke. Likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, mpeleke kituo cha afya.